Watoto wa Lubwa

Ni desturi ya mataifa mengi kuihifadhi nyumba aliyoishi kiongozi wa ukombozi, kuipaka chokaa, kuweka kibao ukutani na kuwapeleka wanafunzi waione. Mjini Lusaka, katika mtaa wa Chilenje, iko nyumba ndogo namba 394 ambamo Kenneth Kaunda na familia yake waliishi tangu 1960 hadi 1962, wakati chama cha UNIP kilipokuwa kikikaza mapambano ya kumwondoa mkoloni. Nyumba hiyo ni kumbukumbu ya taifa, nayo inastahili. Lakini mtu anayetaka kuielewa Zambia, jirani aliyeunganishwa na Tanzania kwa reli na kwa bomba la mafuta, hatatosheka na Chilenje. Itampasa apande kaskazini hadi Chinsali, na kutoka hapo aende mwendo mfupi hadi misheni ya Lubwa. Hapo ndipo Kaunda alipozaliwa tarehe 28 Aprili 1924, na hapo ndipo alipokulia.

Lubwa haikumlea Kaunda peke yake. Katika shule hiyohiyo alisoma Simon Kapwepwe, aliyezaliwa wilaya ya Chinsali mwaka 1922, akawa rafiki wa Kaunda tangu utoto, kisha Makamu wake wa Rais, kisha mpinzani wake. Na katika kijiji cha Kasomo, jirani na misheni hiyo, alikulia mwanamke aliyeitwa Mulenga Lubusha, ambaye Zambia nzima ilikuja kumjua kwa jina la Alice Lenshina. Yaliyotokea baina ya watu hawa watatu ndiyo yaliyoiletea Zambia hali ya hatari iliyodumu miaka 27. Askari na polisi wana sababu yao ya kuisikia habari hiyo, kwa kuwa katika kila hatua yake walitumwa wao.

Misheni ya Lubwa haikuanzishwa na Mzungu, ingawa vitabu vya zamani vilipenda kusema hivyo. Aliyetangulia ni Mwafrika, David Kaunda, Mtonga wa pwani ya Ziwa Nyasa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Kiskoti huko Livingstonia. Alifika kwa Wabemba mwanzoni mwa karne ya ishirini akiwa mwinjilisti na mwalimu, akafungua shule kijiji baada ya kijiji, na mmisionari wa Kiskoti akaja kukaa baadaye, juu ya msingi ambao mwenzake alikwisha kuuweka. David Kaunda alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1930, baada ya utumishi wa zaidi ya robo karne. Miaka miwili baadaye alifariki dunia.

Kenneth alikuwa mtoto wa nane, naye alizaliwa wakati wazazi walikwisha kukata tamaa ya kupata mtoto mwingine. Kwa sababu hiyo wakamwita Buchizya, maana yake asiyetarajiwa. Alipofiwa na baba alikuwa na umri wa miaka minane tu. Mama yake, Helen, mmoja wa wanawake wa kwanza kufundisha shule katika nchi hiyo, akabaki na watoto na shamba. Kaunda mwenyewe amesimulia jinsi alivyofukuzwa shuleni kwa kukosa ada ya shilingi mbili na nusu, akakimbilia kwa mama analia, na mama hana kitu. Jirani ndiye aliyeitoa fedha hiyo. Amesimulia pia jinsi watoto walivyojifunza herufi chini ya mti, wakizichora kwa vidole juu ya mchanga. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa na upungufu wa mikono, mvulana huyo alijifunza kuteka maji, kufua na kupika, kazi ambazo wavulana wenzake waliwaachia dada zao.

Jambo moja la nyumba hiyo lisisahauliwe. Ukoo wa Kaunda ulikuwa wa wageni. Walisema Kibemba kama wenyeji na kuheshimiwa na wenyeji, lakini asili yao ilikuwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kapwepwe alikuwa Mbemba. Utotoni tofauti hiyo haikuwa na uzito wowote. Wawili hao walisoma pamoja na baadaye wakawa walimu. Katika miaka ya arobaini walifunga safari pamoja na rafiki yao wa tatu kuja Tanganyika kutafuta kazi ya ualimu, wakakaa muda mfupi na kurudi kwao. Baada ya kuonja maisha ya Mkoa wa Shaba, ambako Mwafrika aliuziwa nyama kupitia tundu la ukutani huku Mzungu akiingia dukani kwa mlango, walirejea Chinsali kulima. Shamba la Kaunda liliitwa Shambalakale, jina ambalo sikio la Mswahili hulipokea bila mkalimani. Alilima, akauza nguo za mitumba, akazunguka vijijini kwa baiskeli na gita lake akiimba na kuhubiri siasa. Tawi la chama cha African National Congress la Chinsali liliundwa na vijana hao wa Lubwa, mmoja wao akiwa Robert Makasa, ambaye jina lake limepewa chuo kikuu kilichoko Chinsali hivi leo.

Hivyo ndivyo shule ya misheni ilivyozaa wapigania uhuru. Serikali ya kikoloni ilidhani inapata makarani na walimu watiifu. Ikapata watu waliojua kusoma sheria zake na kuona kwamba hazikuwahusu wao ila kama watawaliwa. Kaunda alifungwa mara ya kwanza mwaka 1955 kwa kosa la kuwa na maandishi yaliyopigwa marufuku. Mwaka 1959 alipelekwa kizuizini Kabompo, kisha akafungwa gerezani, akatoka Januari 1960 na kukabidhiwa uongozi wa UNIP.

Mwaka 1961 ulikuwa mwaka wa kampeni iliyoitwa Cha-cha-cha. Katika Mkoa wa Kaskazini wananchi walikata barabara, wakavunja madaraja, wakachoma vitambulisho na hata shule. Chinsali ilikuwa kitovu. Serikali ikapeleka polisi na wanajeshi, na vijiji vikateketezwa. Watu wa Chinsali wakaujifunza mlio wa lori la askari linapokaribia kijiji usiku. Kumbukumbu hiyo ina kazi yake katika yaliyofuata.

Wakati vijana wa Lubwa walipokuwa wakijenga chama, mwenzao wa Kasomo alijenga kitu kingine. Alice Lenshina hakupata shule kama wao. Baba yake, Lubusha, alipata kupigana dhidi ya Wajerumani katika vita vya kwanza na baadaye akawa tarishi wa boma la Chinsali. Mwaka 1953 binti huyo aliugua vibaya. Alipopona alisema kwamba alikuwa amekufa, akamwona Yesu na kurudishwa duniani na ujumbe. Alikwenda Lubwa kueleza habari hiyo, akapokewa na kubatizwa. Lenshina ni matamshi ya Kibemba ya jina Regina, yaani malkia.

Haukupita muda mrefu, njia zikaachana. Lenshina aliwataka watu wasalimishe hirizi na dawa za uchawi, waache ulevi na ndoa za wake wengi. Nyimbo zake za Kibemba ziliwavuta watu kuliko zaburi zilizotafsiriwa na Waskoti. Maelfu walitembea kwa miguu kwenda Kasomo, mahali walipopaita Sioni, na madawati ya kanisa la Lubwa yakabaki wazi. Kanisa lake liliitwa Lumpa, jina lenye maana ya kupita mengine yote, na mwaka 1958 wafuasi walikamilisha hekalu kubwa la matofali. Idadi yao ilikadiriwa kuwa makumi ya maelfu. Miongoni mwa waliokuwa na daraja katika kanisa hilo alikuwamo Robert Kaunda, kaka yake Kenneth.

Mwanzoni chama na kanisa hilo havikuwa maadui. Vyote viwili vilimwambia Mwafrika kwamba anaweza kusimama bila kushikwa mkono na Mzungu. Lakini kila kimoja kilimtaka mtu mzimamzima. UNIP ilitaka kila mwananchi awe na kadi, na vijana wa chama walizipitisha kadi hizo kwa maneno na wakati mwingine kwa fimbo. Lenshina aliwakataza waumini wake siasa. Waliochoka kusumbuliwa walihama, wakajenga vijiji vyao bila idhini ya machifu, na kuvizungushia ngome za miti. Kila upande ulichoma nyumba za mwenzake. Kumtupia lawama mmoja tu ni kuipunja historia, ingawa kwa miaka mingi maelezo rasmi yalifanya hivyo.

Januari 1964 Kaunda alikuwa Waziri Mkuu wa serikali ya ndani. Uhuru ulipangiwa tarehe 24 Oktoba. Mwishoni mwa Juni ugomvi mdogo ndani ya ukoo mmoja, juu ya mtoto wa Kilumpa na kwenda kwake shule, ulizusha mapigano. Julai serikali iliwataka Walumpa wavunje vijiji vyao na kurudi walikotoka. Walikataa, kwa kuwa huko walikotoka ndiko walikochomewa nyumba. Tarehe 24 Julai polisi waliokwenda katika kimoja cha vijiji hivyo walishambuliwa, na afisa mmoja na konstebo wake wakauawa. Gavana akatangaza hali ya hatari, na batalioni ya kwanza ya jeshi la Rhodesia ya Kaskazini ikapelekwa Chinsali.

Hapa inafaa msikilizaji mwenye sare atulie kidogo. Gavana alikuwa bado Mwingereza, na maafisa wa batalioni walikuwa bado Waingereza. Lakini askari wa safu walikuwa Waafrika, na uzito wa uamuzi ulikuwa wa Kaunda. Malori yaliyopita Chinsali mwaka 1961 kuwasaka wafuasi wake, sasa yalipita barabara ileile kwa amri ya serikali yake, kwenda kwenye vijiji vilivyoizunguka nyumba aliyozaliwa. Katika hesabu ya mkoloni hilo lilikuwa jambo la kawaida. Katika hesabu ya mwana wa mchungaji wa Lubwa halikuweza kuwa la kawaida, na Kaunda hakuwahi kulisimulia kama ushindi.

Tarehe 30 Julai jeshi liliingia Sioni. Waliokuwa ndani ya ngome walikuwa na mikuki, mashoka, pinde na magobole machache. Inaelezwa kwamba walitoka wakipaza sauti ya "Yeriko", wakiamini risasi hazitawadhuru. Msikilizaji wa Tanzania atakumbuka Maji Maji ya 1905, na atajua matokeo kabla ya kuambiwa. Walikufa wengi, wanawake wakiwamo. Siku chache baadaye, huko Lundazi katika Mkoa wa Mashariki, Walumpa walivamia kituo cha polisi na mji, wakaua watu wengi, wengine usingizini. Majirani wakalipiza kisasi kwa kuwaua Walumpa. Vita hivyo havikuwa na mstari wa mbele; askari alifika kijijini akakuta maiti na asijue nani amemwua nani.

Kanisa la Lumpa lilipigwa marufuku, na tarehe 11 Agosti Lenshina alijisalimisha. Hesabu rasmi ilitaja vifo zaidi ya 700. Wachunguzi wa baadaye wamesema huenda vilipita 1,000. Maelfu ya waumini walivuka mpaka kuingia Kongo, wakaishi huko ukimbizini kwa miaka mingi. Miezi miwili na siku chache baada ya bunduki kunyamaza Chinsali, bendera ya Zambia ilipandishwa Lusaka.

Bendera ya mkoloni iliteremshwa, lakini hali ya hatari iliyotangazwa Julai haikuteremshwa pamoja nayo. Kwanza ilisemwa kwamba Walumpa bado wako porini. Kisha, Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta imezungukwa. Haki itendeke katika jambo hili: hatari ilikuwa ya kweli. Zambia iliwapokea wapigania uhuru wa Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini, ikafunga njia zake za biashara kwa hasara yake yenyewe, na mwaka 1978 ndege za Rhodesia zilipiga mabomu kambi zilizokuwa karibu kabisa na Lusaka. Nchi iliyo katika hali hiyo huhitaji sheria kali. Tatizo ni kwamba sheria kali haichagui. Iliyotungiwa mfuasi wa Lenshina na jasusi wa Salisbury iliweza pia kumkamata mtu ambaye kosa lake ni kuanzisha chama cha siasa.

Mtu huyo alikuwa Kapwepwe. Alikwisha kuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Makamu wa Rais, lakini ndani ya UNIP makabila na mikoa vilikuwa vikisukumana, na Wabemba wengi waliona wanabanwa. Agosti 1971 alitoka na kuunda chama cha United Progressive Party. Desemba alishinda kiti cha ubunge Mufulira, kiti pekee ambacho chama hicho kilipata. Februari 1972 chama kikapigwa marufuku, na Kapwepwe pamoja na wenzake wengi wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa, kwa mamlaka yaliyotokana na hali ya hatari ileile ya 1964. Alikaa humo karibu mwaka mzima. Kabla mwaka haujaisha Zambia ilikuwa nchi ya chama kimoja.

Amri ya kumkamata ilitoka kwa rafiki aliyekaa naye darasani Lubwa. Polisi waliokwenda kumchukua walitimiza waraka halali, wenye sahihi na muhuri. Hakuna aliyeweza kuwaambia wamevunja sheria. Tanzania nayo ilikuwa na sheria yake ya kuweka watu kizuizini tangu 1962, kwa hiyo Mtanzania hana haja ya kuinyoshea Zambia kidole. Kapwepwe alirudi UNIP mwaka 1977 na mwaka uliofuata akataka kugombea uongozi. Masharti ya chama yakabadilishwa, akakosa sifa. Alirudi kwao Chinsali, akafariki huko Januari 1980.

Lenshina alishikiliwa hadi 1975, na hata baada ya hapo hakuruhusiwa kurudi Kasomo. Alifariki Desemba 1978. Hekalu lake lilikwisha kubomolewa.

Hali ya hatari ya Julai 1964 iliondolewa mwaka 1991, baada ya Kaunda kushindwa katika uchaguzi wa Oktoba na kukabidhi madaraka kwa Frederick Chiluba. Aliyakabidhi kwa amani, bila kuliita jeshi, na kwa jambo hilo atakumbukwa kwa heshima. Lakini mamlaka ya kuitangaza upya yalibaki katika katiba. Oktoba 1997 wanajeshi wachache waliteka kituo cha redio cha Lusaka kwa saa chache na kudai wameipindua serikali. Jaribio likazimwa, Chiluba akatangaza hali ya hatari, na siku ya Krismasi polisi wakaenda nyumbani kwa Kaunda, mzee wa miaka 73, wakamchukua na kumpeleka kizuizini. Waliompeleka nao walikuwa na waraka halali.

Kaunda aligoma kula katika gereza la Kabwe. Mwalimu Julius Nyerere alisafiri kwenda kumwona humo gerezani na kumsihi avunje mgomo, akakubali. Baadaye aliwekwa chini ya ulinzi nyumbani kwake, na katikati ya 1998 mashtaka dhidi yake yakafutwa.

Nyerere alizikwa Butiama mwaka 1999, katika ardhi ya baba yake. Kaunda hakurudi Lubwa. Alifariki tarehe 17 Juni 2021 akiwa na umri wa miaka 97, na tarehe 7 Julai akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya marais huko Lusaka, ingawa baadhi ya watu wa familia yake walikwenda mahakamani wakisema alitaka alale kando ya mkewe. Chinsali sasa ni makao makuu ya Mkoa wa Muchinga, ulioundwa mwaka 2011. Na Kasomo, mahali ambapo hekalu la Sioni lilisimama, kuna kaburi la Alice Lenshina. Waumini waliosalia wa makanisa yaliyotokana na Lumpa hufika hapo na kuziimba nyimbo zake.